KUFULI HALINA CHAMA



Serikali dhalimu zina njia nyingi za kumtesa mtu, na nyingi katika hizo huacha alama. Kiboko huacha kovu, pingu huacha mchubuko, na njaa huzitoa mbavu nje. Walakini iko njia moja ambayo majabari huipenda kupita zote, kwani haiachi kitu cha kuonyeshwa mbele ya hakimu. Nayo ni kumtia mtu chumbani peke yake, kufunga kufuli na kuondoka. Hapigwi, hatukanwi, hasemezwi. Siku ya pili vivyo hivyo, mwezi wa pili vivyo hivyo, na mwaka wa pili pia. Wenyewe wakiulizwa hujibu kwa upole kwamba mfungwa hakuguswa hata kwa ukucha.

Leo twataka kusema juu ya chumba hicho, na juu ya wale walioingia humo wakatoka na akili zao, kwa kuwa miili yao ilifungwa na fikra zao zikakataa kufungwa. Twasema kwa sababu mbili. Kwanza, kila aliyejiunga na chama cha upinzani, katika nchi yoyote, ni haki yake kujua lililo nyuma ya mlango ule, na kujua silaha walizokuwa nazo waliomtangulia. Pili, liko neno ambalo imetupasa kuambizana sisi wenyewe kwa wenyewe, na twajua kuwa halitawapendeza wote.

CHUMBA NA KAZI YAKE

Tuanze na maana ya jambo lenyewe, ili asije mtu akatwambia kuwa twalia kwa kila mlango unaofungwa. Mwaka 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za namna ya kuwaweka wafungwa, zikapewa jina la Nelson Mandela. Kanuni hizo zasema kwamba mtu aliyefungiwa saa 22 au zaidi kwa siku, bila ya kuonana na kusema na binadamu wenziwe kama binadamu, huyo yumo katika kifungo cha upweke. Na kikizidi siku 15 mfululizo, hicho ni kifungo cha upweke cha muda mrefu, nacho kimekatazwa kabisa. Siku 15! Iweke hesabu hiyo kichwani, ndugu msomaji, kwani wale tutakaowataja hapa chini hawakuhesabu siku 15.

Ajabu ni kwamba chumba hiki hakikubuniwa na majabari. Kilibuniwa na watu wa dini wenye nia njema. Mwaka 1829, katika mji wa Philadelphia, Marekani, ilifunguliwa jela kubwa ambamo kila mfungwa alikaa peke yake, kwa imani kwamba mtu akiachwa na nafsi yake na Mola wake atatubu. Mwaka 1842 mwandishi wa Kiingereza Charles Dickens aliizuru jela hiyo, akatoka akisema kwamba kuichezea akili ya mtu polepole namna ile ni kubaya kuliko kuutesa mwili. Waliokijenga chumba walitaka toba. Waliokirithi walitaka maelezo yaliyotiwa sahihi.

Tazameni Afrika ya Kusini. Mwaka 1963 serikali ya makaburu ilitunga sheria ya kumshika mtu siku 90 bila ya mashitaka na bila ya wakili, na siku hizo zikiisha aweza kushikwa upya. Bibi Ruth First, mwandishi wa magazeti na adui wa ubaguzi, alishikwa mwezi wa Agosti mwaka huo na kuwekwa peke yake. Alihesabu siku kwa kushona mishono midogo nyuma ya ukosi wa nguo yake, mahali ambapo jicho la askari halifiki. Siku 90 zilipotimia aliambiwa kuwa yu huru. Akatoka nje, na hakufika mbali akashikwa tena. Jumla ikawa siku 117.

Hila yenyewe iko hapa. Binadamu ni kiumbe cha maneno. Tangu anapozaliwa husemezwa, na hata anapokufa watu humsemea. Ukimnyima watu wote kwa majuma kadhaa, kisha ukampelekea mtu mmoja tu wa kusema naye, na mtu huyo akawa ni askari wa upelelezi mwenye kalamu na karatasi, basi hata adui huonekana mgeni wa kheri. Mfungwa hujikuta anamngoja. Husikia viatu vyake ukumbini na moyo ukafurahi. Hapo ndipo watu hodari wanapotaja majina ya rafiki zao. Wala si kwa khofu ya kiboko, bali kwa kiu ya kusemezwa. Bibi First mwenyewe aliandika baada ya kutoka kwamba alianza kutoa maelezo, akashituka kuona anakopelekwa, na kwa kuogopa asije akawasaliti wenziwe akameza vidonge ili afe. Hakufa. Alitoka, akaihama nchi yake, na mwaka 1965 akatoa kitabu juu ya siku zile 117. Mwaka 1982 makaburu walimfuata mpaka Maputo kwa barua yenye bomu, wakamuua.

SAFARI BILA YA KUFUNGUA MLANGO

Basi mtu afanye nini katika chumba kama hicho? Na tumsikilize aliyekaa humo miaka.

Daktari Edith Bone alizaliwa Budapest, akawa raia wa Uingereza, na alikuwa mkomunisti wa miaka mingi. Mwaka 1949, alipokuwa akitaka kuondoka Hungary, alishikwa katika uwanja wa ndege na kuambiwa kuwa ni jasusi. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 60. Alitakiwa aungame, akakataa. Wakamweka peke yake miaka 7, mara katika baridi na unyevu, mara katika giza. Na serikali iliyomfunga ilikuwa ya itikadi ile ile aliyoitumikia umri wake wote. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Mama huyu hakungoja wazimu umkute amekaa. Alipanga kazi. Kwa mkate mweusi aliopewa ale alifinyanga shanga, akazitunga akapata chombo cha kuhesabia. Akakitumia kuhesabu maneno anayoyajua katika kila lugha aliyokuwa akiisema, neno baada ya neno, kama mwenye duka anavyohesabu mali yake mwisho wa mwaka. Akayakumbuka mashairi aliyowahi kuyasoma, akayafasiri kutoka lugha moja hadi nyingine. Akatembea katika miji aliyowahi kuishi, njia kwa njia, akiyakumbuka majumba na maduka. Walinzi wake alikataa kabisa kusema nao Kihungari, lugha aliyozaliwa nayo. Akitaka kitu, na watafute wao mwenye kujua lugha nyingine. Tena akachomoa nyuzi katika taulo, akasuka kamba, kwa kamba akang'oa msumari mlangoni, na kwa msumari akatoboa tundu katika mbao ngumu ya mlango ule ule, akapata mahali pa kuchungulia.

Jambo hili tusilielewe vibaya. Wako wanaodhani kuwa kuponyoka kwa fikra ni kuota ndoto: mtu alale chali akijiona yuko harusini. Sivyo. Ndoto ni khatari kwa mfungwa, kwani kila akiamka huukuta ukuta pale pale, na kila mara huwa mgumu zaidi. Aliyoyafanya Daktari Bone yalikuwa ni kazi, yenye mwanzo na mwisho, yenye hesabu, yenye kosa na sahihi. Mwenye kutembea mji kichwani leo, kesho huanza pale alipoachia jana. Mwenye kuhesabu maneno hawezi kusema uwongo, kwa sababu shanga zipo. Serikali ilimnyang'anya saa, kalenda, kitabu na mtu wa kusema naye, ili asijue leo ni lini na yeye ni nani. Naye akajitengenezea saa yake, kalenda yake, na bwana wa kazi aliye mkali kuliko bwana jela. Mwaka 1956 watu wa Hungary walipoinuka dhidi ya serikali yao na milango ya jela kufunguliwa, alitoka akiwa na akili kali kama alivyoingia, na mwaka uliofuata akatoa kitabu.

Lakini kwani tuende mpaka Budapest? Mombasa ni jirani.

Mwaka 1968, katika Kenya, chama cha upinzani cha KPU kilinyimwa nafasi ya kusimama katika uchaguzi wa mabaraza, fomu za wagombea wake zikikataliwa. Kijana mmoja wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mwenye umri wa miaka 22, akaandika waraka akauliza swali: Kenya, Twendapi? Haukuwa mzinga wala baruti. Zilikuwa ni karatasi, ndugu zangu, kama hizi mlizozishika mikononi sasa hivi. Kwa karatasi hizo alishitakiwa uchochezi, akafungwa miaka 3, na sehemu kubwa ya kifungo hicho alitengwa peke yake. Alitoka mwaka 1972.

Humo ndani alitunga mashairi. Hakuwa na daftari; aliyaandika katika karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji. Sisi hatuna la kuongeza juu ya kichekesho hicho. Mwaka 1978, katika jela ile ile ya Kamiti, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezuiliwa bila ya kushitakiwa, naye akaandika riwaya nzima juu ya karatasi za namna ile ile. Serikali haikujifunza kitu katika miaka yote hiyo. Wafungwa walikuwa wamejifunza.

Hapa twataka kila mwanachama ajue thamani ya mali tuliyo nayo. Kile ambacho mfungwa wa Budapest ilimlazimu akifinyange kwa mkate, sisi tumerithishwa na wazee wetu bure. Shairi la Kiswahili lina mizani na vina. Mshororo una mizani 16, umegawika nusu kwa nusu. Kina cha kati kina mahali pake na cha mwisho kina mahali pake. Ukisahau neno, kina hulidai. Ukizidisha neno, mizani hulikataa. Kwa hivyo mwenye kujua kutunga aweza kutunga gizani bila ya kalamu, akalala na beti tatu kichwani na asubuhi akazikuta zote, kisha akatia ya nne. Hali kadhalika mtoto wa chuoni aliyehifadhi juzuu yake. Huyo ana akiba ambayo askari akimpekua mpaka unyayoni hataiona. Wanaotucheka kwamba watoto wetu wanakaririshwa tu, na wajue kuwa liko jengo moja duniani ambamo aliyehifadhi ni tajiri na mwenye maktaba nzima nyumbani kwake ni maskini.

HOJA YA WATAWALA

Sasa watatokea wenye kusema: “Mbona basi walitoka wazima? Mbona walitoka na vitabu? Kumbe chumba hiki si kibaya hivyo, kimetupa washairi.”

Hoja hii tumeisikia barazani, na wengine huisema kwa kudhani kuwa wanawasifu mashujaa. Ni hoja ya mtu aliyesimama ufukweni, akamwona mmoja amefika kwa kuogelea, akasema kuwa chombo hakikuzama. Waliozama hawaandiki vitabu. Katika Afrika ya Kusini, mwezi wa Septemba 1963, Looksmart Ngudle aliyeshikwa kwa sheria ile ile ya siku 90 alikutwa amekufa mikononi mwa polisi, na alikuwa wa kwanza katika orodha ndefu. Yeye hakupata nafasi ya kuhesabu hata hizo 90.

Tena wataka kujua gharama ya hao waliofika ufukweni? Nendeni Uruguay. Mwaka 1973 jeshi lilipindua utawala wa sheria. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanajeshi waliwatoa jela wanaume 9, viongozi wa kundi la wapiganaji lililoitwa Tupamaros, wakawagawa katika kambi za jeshi na kuwafanya rehani: wenzao wakitenda lolote huko nje, hawa watauawa. Hawa walikuwa wameshika silaha, nasi hatuzungumzii hapa kama walikosea au walipata. Mahakama ipo kwa kazi hiyo. Twazungumzia walivyowekwa. Kwa zaidi ya miaka 10 walihamishwa kambi hadi kambi, kila mmoja katika tundu lake, bila ya vitabu, na mara nyingi bila ya ruhusa ya kusema. Wawili kati yao, Mauricio Rosencof na Eleuterio Fernández Huidobro, waliokuwa wametenganishwa kwa ukuta, walibuni lugha ya kugonga kwa vidole, kila herufi na idadi yake ya magongo, na kwa njia hiyo wakazungumza miaka na miaka. Hao walisalimika kwa sababu upweke wao ulikuwa na ufa.

Na wengine? José Mujica, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 2010 hadi 2015, alikuwa rais wa nchi hiyo na dunia nzima ikamsifu kwa unyenyekevu wake, alisimulia mwenyewe kwamba alifika pahala pa kusikia sauti zisizokuwapo. Henry Engler alirukwa na akili humo ndani. Alipotoka alikwenda Sweden, akatibiwa na kusoma, akawa daktari mtafiti wa maradhi ya ubongo. Adolfo Wasem alikufa kwa maradhi mwaka 1984, angali mfungwa, miezi michache tu kabla ya wenziwe kuachiwa. Watu 9, wote wateule, wote wagumu, na hiyo ndiyo hesabu yao. Mtu akikwambia kuwa chumba kile kilimfanya Mujica awe na hekima, mwulize kwa nini hakimpeleki mwanawe akasomee huko.

Kwa hivyo twasema wazi: safari ya fikra ni ushindi wa mfungwa, na serikali haina fungu ndani yake. Mwizi aliyekuvunjia nyumba hastahiki shukrani kwa kuwa ulijenga mpya. Kila ubeti uliotungwa Kamiti ni hati ya mashitaka juu ya waliofunga mlango, na uzuri wa ubeti hauipunguzi hatia hata chembe.

NENO LETU SISI KWA SISI

Tumefika sasa kwenye lile neno tulilosema kuwa halitawapendeza wote.

Wako ndugu zetu, watu wa kweli, waliotaabika na chama hiki, ambao ukiwatajia chumba cha upweke hukunja uso na kusema: “Ngojeni. Siku yetu itafika, na wao ndio watakaolala humo.” Uchungu wao twaujua na hatuubezi. Walakini twawaomba wakae chini, tuisome pamoja historia ya visiwa hivi, bila ya hamaki.

Mwaka 1962, wakati wa Waingereza, Abdulrahman Babu alifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwezi wa Januari 1964 serikali ikapinduliwa, na mawaziri wa serikali iliyopinduliwa wakashikwa. Mmoja wao, Sheikh Ali Muhsin, alizuiliwa Bara kiasi cha miaka 10 bila ya kupelekwa mbele ya hakimu. Na Babu, mfungwa wa jana, alikuwa waziri katika serikali iliyowashika. Kassim Hanga alikuwa Makamu wa Rais katika siku za mwanzo za Mapinduzi. Mwaka 1969 aliletwa Unguja akiwa mfungwa, na hakuonekana tena. Mwaka 1972, baada ya kuuawa Rais Karume, Babu naye akarudi ndani, safari hii kwa amri ya serikali aliyoisaidia kuizaa, akakaa hadi mwaka 1978. Huko jela aliandika kitabu juu ya ujamaa na Afrika, kikachapishwa mwaka 1981. Amekuwa mtu mmoja aliyeona kufuli kwa pande zote mbili.

Hatusemi kwamba kila mmoja wa hao aliwekwa katika upweke kama wa Budapest. Twasema kwamba kumzuia mtu bila ya hukumu ndio mlango wa kwanza, na chumba cha upweke kipo nyuma yake, hatua chache tu ukumbini. Anayeufungua wa kwanza hana mamlaka juu ya wa pili. Mkoloni, chama cha kabla ya Mapinduzi, chama cha Mapinduzi: mikono ilibadilika, na ufunguo ukabaki ule ule msumarini, kila ajaye akiukuta tayari umetiwa mafuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sasa sisi nasi, siku tukiingia katika ofisi ile, tuukute msumarini tuseme kuwa huu ni wetu?

Mkumbukeni Edith Bone. Hakufungwa na wabepari aliowapinga. Alifungwa na waliokuwa wakiimba nyimbo alizoziimba. Chumba hakikumwuliza kadi yake ni ya rangi gani. Chama kinachojenga jela kwa ajili ya mahasimu wake kinawajengea wanachama wake, kwani siku zote mahasimu huisha, na vyumba hubaki, na chumba kitupu humtafuta mtu. Leo ndugu yetu anamwombea adui chumba kile. Kesho kutwa, katika mkutano wa chama, atapinga jambo na mkubwa, na mkubwa atakumbuka kuwa ufunguo anao.

Ndiyo maana twataka mambo manne yaandikwe katika ahadi za chama hiki, wala yasiachwe katika hotuba tu.

La kwanza: asifungwe mtu yeyote, wa chama chochote, mwizi wala mwanasiasa, katika chumba cha upweke kupita siku 15, na hata hizo ziwe kwa dharura na kwa idhini ya asiyekuwa bwana jela.

La pili: asizuiliwe mtu bila ya kupelekwa mbele ya hakimu, na wakili wake na jamaa zake wajue alipo.

La tatu: mfungwa asinyimwe kitabu, kalamu na karatasi. Serikali inayoogopa penseli ya mtu aliyefungiwa imekwisha kukiri kuwa haina jawabu.

La nne, nalo ndilo zito: ahadi hizi ziwafunge wakubwa wetu kwanza. Atakayezivunja siku tukiwa madarakani atolewe katika chama, hata kama ni yeye aliyekiasisi.

WAJIBU WA ALIYE NJE

Limebaki la mwisho. Mfungwa hupambana na ukuta kwa ndani. Nje ya ukuta ni kazi yetu. Chumba cha upweke kina shabaha mbili: yeye atusahau sisi, na sisi tumsahau yeye. Ya kwanza ataipinga mwenyewe kwa shanga zake za mkate na beti zake. Ya pili hawezi kuipinga. Iko mikononi mwetu.

Basi akishikwa mmoja wetu, au hata mmoja wa wasiokuwa wetu, kila tawi liandike siku zake ubaoni na kuzisoma katika kila mkutano: leo ya 3, leo ya 10, leo ya 16, na siku hiyo ya 16 tuseme kwa sauti kuwa mpaka umekwisha kuvukwa. Jina lake litajwe lote, pamoja na la baba yake. Mkewe, au mumewe, asiwe na haja ya kuja kuomba. Unga na mafuta yaende nyumbani kabla hajaomba, na watoto wasikose ada ya skuli. Barua iandikwe hata ikijulikana kuwa haitafikishwa, kwani askari anayezichana barua 50 kwa siku huanza kujiuliza ni nani huyu aliyefungiwa humo. Ukuta wa Uruguay uligongwa kwa kidole kimoja ukapitisha maneno ya miaka kumi. Sisi tuna vidole vingi zaidi.

Na watoto wetu tuwahifadhishe: Kurani kwa wenye kusoma chuoni, tenzi za wazee, majina ya miji, hesabu, nasaba zao. Twaomba Mungu wasihitaji kuvitumia mahali kama hapo. Lakini tusiwaache watoke mikono mitupu.

Mwisho, ndugu wanachama, kila chama kitakachokuja kuwaomba kura kiulizwe mbele ya watu: mkiingia madarakani, chumba kile mtakifanya nini? Asiyejibu, msimpe. Na chetu kiwe cha kwanza kuulizwa.